Kiti Karibu na Bafle

Ule ulikuwa mwaka wa viazi vitamu. Viazi ulaya vilikuwa vimepanda bei sokoni Kamembe hata watu wa mishahara wakawa wanavipita kama hawavioni, na ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazae, kwa hiyo sambaza, wale dagaa wetu, nao hakuna. Asubuhi viazi vitamu na chai, mchana viazi vitamu na maharage, jioni vile vilivyobaki mchana. Ukimwuliza mtu wa mtaa wetu mwanangu wa pili alikufa lini, hatakutajia tarehe. Atasema: si ule mwaka tulikula viazi vitamu mpaka tukachoka?

Kwenye kilio chake pia tulipika hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikaa chini kumenya. Kisu kikanikata kidole, sikusikia kitu. Niliona maji ya beseni yamekuwa mekundu ndipo nikajua ni mimi. Wanawake wakanifunga kitambaa, wakaangaliana. Walidhani ni uchungu. Hapakuwa na uchungu. Umewahi kudungwa ile sindano ya jino? Unajigusa mdomo na ni kama unagusa mdomo wa mtu mwingine. Mimi nilidungwa mwili mzima, na dawa haijaisha mpaka leo ninapoandika.

Gari ndogo ya kutoka Nyakabuye ilikosa breki kwenye mteremko. Sina zaidi ya kusema hapo.

Alikuwa mchomeleaji. Mageti mazuri ya Kamembe, yale yenye maua ya chuma juu, mengi ni mkono wake, na mimi nikipita na mtu sikosi kumwonyesha. Siku za mapumziko alipiga gitare ya umeme, nyekundu, aliyoinunua Bukavu ikiwa imevunjika shingo. Akaifunga ile shingo kwa bamba la chuma na skrubu, akalisugua mpaka likang'aa kama kijiko. Gitare ile ni nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Akamfundisha binti yake kuipiga. Huyo binti ndiye mjukuu wangu niliyemlea, maana mama yake aliolewa tena Uvira zamani na hakugeuka nyuma. Nawaambia bila haya: hakuna mtoto wa kiume hapa Rusizi anayeishika gitare kama yeye.

Sasa, kwetu kilio hakiishi chenyewe kama mafua. Kinamalizwa. Watu wanarudi, bia ya mtama inaletwa, mkeka unatandikwa uani, na vitu vya marehemu vinawekwa juu yake, vinagawanywa na kaka yake mkubwa. Kama mama wa marehemu yuko hai, ni yeye anayetaja siku. Asipotaja, mkeka hautandikwi. Na mpaka siku hiyo nyumba yote iko kwenye kilio: huchezi, huendi arusi, humtunzi mwanamuziki, huvai rangi. Vitu vya marehemu vinakaa palepale alipoviacha. Kimoja kikitoka nje ya nyumba, lazima mtu mzima wa nyumba atoke nacho, kwa sababu kitu cha marehemu hakitembei peke yake.

Mwanangu wa kwanza ni shemasi wa kanisa. Suti yake imenyooka, na moyo wake umenyooka pia, simsemi vibaya. Alikuja siku moja baada ya ibada, akakaa uani, mdogo wangu wa Nkanka naye alikuwepo.

"Maman, mutaa yote iko nauliza. Tumalize kilio siku gani?"

"Mbona haraka? Kuna muntu amekufukuza?"

"Apana, Maman. Lakini bitu ya mudogo wangu biko naoza. Mashine nitapatia ule fundi balikuwa banatumika naye. Manguo tutagawa. Gitare itaenda ku korali, baimbaji ba kanisa. Tulishanunua bafle, tulishanunua mikro, gitare njo inakosa."

"Na mutoto?"

"Mutoto ni mwanamuke, Maman. Atafanya nini na gitare? Atakamulia maziwa ndani?"

Mdogo wangu akacheka. "Wacha abaki nayo, atachapia bwana yake."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Nilimwangalia. Ningetaka kuwaambia kwamba nilimhurumia, lakini sikuwa na huruma ya kutoa. Niliona vidole vyake tu. Ncha za mkono wa kushoto zilikuwa ngumu, zimekomaa kama kisigino, sawa na za baba yake. Nikajua vidole hivyo vikikosa kazi vitalainika, na vikilainika hakutakuwa na mahali popote pa kumwona tena yule aliyekufa. Nikasema:

"Kilio haiyaisha. Mukeka haitandikwe. Gitare haitoke hapa."

Shemasi akanyanyuka, akapangusa suruali yake. Hakubishana. Mama akishasema, amesema.

Lakini gitare ile haikukaa kimya. Mjukuu wangu aliingia kwenye kikundi cha vijana wanaopiga roki. Mwimbaji ni mwalimu wa shule ya msingi. Anayepiga besi ni mvuvi wa Nkanka, ana macho mekundu siku zote kwa sababu ya miaka ya kukesha ziwani na sambaza. Mpiga ngoma anatoka Bukavu, ana mikono ya mtu anayekanda unga, na kweli anakanda, yuko kwenye duka la mikate. Siku ya kwanza mtoto aliniambia, "Koko, tuko na muziki Siku ya Mungu," yaani bibi, tunapiga Jumapili, nikamwuliza gitare itaenda na nani. Basi nikavaa kitenge changu cheusi cha kilio, nikabeba gitare mgongoni kama mtoto, tukaenda.

Nasikia kwingine watu wa roki ni watu wa usiku. Wetu ni watu wa mchana baada ya chakula. Sababu ni mpiga ngoma: lazima avuke daraja kurudi Bukavu kabla mpaka haujafungwa. Anakuja kwa miguu na matoazi yake, yale masahani ya shaba, ndani ya mfuko wa unga. Pale mpakani wanamwuliza kila mara, "Hizi ni bifuniko ya sufuria?" Anajibu ndiyo, ni bifuniko, anapita. Kwa hiyo sisi tunapiga roki jua likiwa kali, mwanga unaingia kwenye matundu ya bati, unaona vumbi linaruka pamoja na watu.

Mahali pa kwanza palikuwa baa nyuma ya stoo ya bia, juu kule Kamembe. Kijana wa mlangoni akaniangalia na kitenge changu na rozari shingoni.

"Maman, misa iko kule juu. Hapa ni roki."

"Misa nilishatoka. Roki ni nini?"

"Ni makelele ya kulipia, Maman."

"Mimi ninakuja na gitare. Uko nataka kunilipisha gitare yangu?"

Akacheka, akaniletea kiti cha plastiki. Nikakiweka karibu na bafle, lile sanduku la spika, pale ambapo naweza kuiona gitare vizuri. Wakaanza.

Sitawadanganya kwamba niliupenda. Ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati, na ndani ya mvua mtu anagombana na mke wake. Mwalimu, ambaye ukikutana naye njiani anasalimu kwa adabu, alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Vijana wakaanza kuruka: wanafunzi, madereva wa moto, yaani pikipiki, na kofia zao mkononi, na fundi mmoja wa kushona wa mtaa wa Waislamu ambaye kila mara alitoka katikati akaswali, akarudi kuruka. Mimi sikuruka. Kucheza ni kuvunja kilio. Kupiga makofi ni kuvunja kilio. Kutingisha kichwa, hapo wazee wanabishana, kwa hiyo sikutingisha. Nilikaa kama jiwe la kusagia.

Lakini soda yangu ilikuwa inatetemeka ndani ya chupa. Kisha nikaona kiti kinatetemeka. Kisha ule mlio wa besi, wa yule mvuvi, ukanipiga hapa, chini ya titi, ndani ya mbavu. Sisemi ulinifurahisha. Nasema ulinigonga, na mimi nilijua nimegongwa. Kwa mtu aliyekatwa na kisu asijue, hicho si kitu kidogo. Walipozima umeme nikarudi kuwa kama ule mdomo uliodungwa sindano, nikabeba gitare, tukateremka nyumbani kula viazi vitamu.

Tangu siku hiyo nilienda kila walipopiga. Kwenye karakana ya magari ambapo ulisimama juu ya mafuta na viatu vikabaki. Kwenye ukumbi mdogo wa arusi, maua ya plastiki ya bibi arusi wa jana yake bado yananing'inia juu ya ngoma. Kwenye uwanja wa hoteli moja ya chini ziwani, pale mwenye hoteli alisimamisha muziki ili kuuliza kama kuna mtu ameumia. Watu wakanizoea. Wakiniona naingia na gitare mgongoni walikuwa wanasema, "Koko amefika, tuanze." Nilisikia wawili nyuma yangu siku moja:

"Ule mubibi anapendaka roki kweli?"

"Sijue. Anakaaka tu kama polisi."

"Sasa anakuyaka kufanya nini?"

"Muulize weye, kama uko mwanaume."

Hakuniuliza. Na angeuliza ningemwambia: nasindikiza kitu cha marehemu. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila mtu, hata kwa padri.

Mwaka wa viazi vitamu ukaisha, watu wakarudi kwenye muhogo na mchele wa Bugarama, na kilio chetu bado. Nyumba iliyo kwenye kilio ni nzito kuishi, sikatai. Mdogo wangu aliozesha binti yake, sisi hatukwenda. Mjukuu wangu alishonewa gauni la njano na shangazi wa mama yake, likabaki kwenye mfuko. Siku moja nachambua maharage, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Koko, tumalize."

"Tumalize nini?"

"Unajua. Pea baba mukubwa ile gitare. Nitatafuta ingine."

"Ingine itakuwa ya nani?"

"Ya muntu yeyote. Gitare ni gitare."

"Muongo weye."

"Mimi ni muongo? Na weye? Uko nashikilia kifo ya papa ju ya kipande ya mbao. Nimechoka kuvaa nyeusi, Koko. Papa amechoka kungoja. Na weye hata haumulilie."

Nikaendelea kuchambua. Jiwe huku, harage huku. Maneno kama hayo kwa mama mwingine yangekuwa kofi. Kwangu yalipita kama gari la mtu mwingine. Yeye ndiye aliyelia. Jioni nilimwona kwenye kona yake, ameishika gitare bila umeme, inatoa sauti ndogo kama mbu. Alikuwa ameweka shavu juu ya mbao na macho amefumba. Gitare ni gitare!

Kisha ikaja ile siku ya karakana.

Lilikuwa joto la kabla ya mvua. Bati linawaka. Mjukuu wangu alikuwa amefika kwenye sehemu yake ndefu, ile ambayo wengine wote wanampunguzia sauti, anabaki yeye na gitare. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. Alifumba, akafumbua, akakunja uso, na mikono yote miwili ilikuwa kazini. Nilikuwa namwangalia hivyo hivyo, kama ninavyoangalia sufuria. Halafu nikajikuta nimesimama. Sijui niliinuka saa ngapi. Nikatembea mpaka pale mbele, nikashika pindo la kitenge changu, nikamfuta paji la uso, nikamfuta macho, nikarudi kwenye kiti changu.

Karakana nzima ikapiga kelele kuliko ngoma. Wakaruka, wakapiga miluzi, "Koko! Koko!" Hapo ndipo nilipojua mkono wangu umefanya nini. Sisi tuliokulia Bukavu tumezaliwa tumekuta hilo: mwanamuziki akikushika moyo, unapanda mbele ya watu, unamfuta jasho. Ni kumtunza. Ni kuwaambia watu, huyu ni wangu, mwoneni. Nilifanya hivyo mara nyingi nikiwa msichana, mbele ya orkesta, na leso nyeupe. Na kumtunza mwanamuziki ni sherehe. Mwenye kilio hatunzi.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja wa korali ya kanisa la mwanangu. Alikuwa amekuja kuchukua gari la bwana wake. Aliniangalia, nikamwangalia. Nilijua habari itafika kabla mimi sijafika.

Wiki ile nilijichunguza. Nilijitafuta ndani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye begi. Nilifurahi? Sikukuta furaha. Nililia? Uso ulikuwa mkavu. Basi hakuna kilichoisha, nikajiambia. Lakini mimi si mjinga. Darasa nimesoma kidogo, desturi naijua yote. Desturi haiangalii ndani ya mtu. Inaangalia mkono. Na mkono wangu watu wote waliuona.

Siku ya Mungu iliyofuata walipiga palepale karakana. Sikuwa nimelala vizuri, lakini nilibeba gitare, nikakaa kwenye kiti changu karibu na bafle. Walikuwa katikati ya wimbo mwanangu wa kwanza alipoingia na suti yake, na wazee wawili wa kanisa nyuma yake wameziba masikio. Wapigaji wakamwona, wakaacha mmoja mmoja. Mpiga ngoma wa mwisho.

"Maman, jambo."

"Jambo, mwanangu. Uketi."

"Siketi. Maman, sitaki kukuletea haya mbele ya bantu. Lakini balikuona. Ulimufuta mutoto jasho, bantu bakashangilia. Ulimutunza. Kilio imeisha, na ni mukono yako njo imeimaliza, si mimi. Unipatie gitare kwa amani, kesho tutandike mukeka."

Dereva mmoja wa moto, mtu mzima, akaingilia. "Papa shemasi, pardon. Kutunza ni kwa leso safi. Ile kitenge ya Koko ni ya kilio, tena iko na vumbi ya safari. Hapo hakuna kutunza, hapo ni kusafisha."

Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Kweli, hata mimi baniosha uso na kitenge ya mama, sikukuwa staa." Mzee mmoja wa kanisa akasema jasho ni jasho na mbele ya watu ni mbele ya watu. Fundi wa kushona akasema yeye anajua vitambaa, kitenge si leso. Ikawa kama baraza. Mpiga ngoma alikuwa anaangalia jua kwenye matundu ya bati, anapima daraja lake, na hakuthubutu kuondoka.

Mwanangu akainua mkono wakanyamaza. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, maana na yeye alifiwa, na yeye anaweza kulia.

"Wacha kitenge. Maman, useme weye mwenyewe. Ulimutunza ao haukumutunza?"

Mjukuu wangu alikuwa ameshatoa mkanda begani. Aliishika gitare kwa shingo, pale penye bamba la chuma, tayari kuitoa. Alikuwa ananiangalia. Sikujua anataka niseme nini, na nadhani yeye pia hakujua. Vidole vyake viliacha alama za jasho kwenye chuma.

Ningeweza kuchukua neno la yule dereva. Lilikuwa neno zuri, na nusu ya karakana ilikuwa upande wangu. Lakini sikutaka kushinda kwa kitenge. Na ukweli nao ulikuwa: ndiyo, nilimtunza, na ningemtunza tena. Hilo sikulisema. Nilitafuta ndani mara moja zaidi, kama kuna chochote, na palikuwa na baridi ile ile. Bafle ilikuwa bado inaunguruma kidogo mgongoni mwangu, umeme haujazimwa, na chupa ya soda chini ya kiti ilikuwa inatetemeka.

"Maman," akasema mwanangu, "tunangoja."

Nikanyoosha kitenge changu juu ya magoti.

"Kilio haiyaisha. Mukeka haitandikwe. Gitare haitoke hapa."